Programu ya Kutengeneza Tovuti Imezimwa? Usiingie Nyingine Kabla Hujajua Utatokea Wapi

Hebu fikiria hivi.

Ulijifunza kutengeneza tovuti na programu moja, ukaishika hadi unaitumia macho yakiwa yamefungwa. Ukatengenezea salon moja pale Umoja, ukatengenezea kanisa la mtaa, ukatengenezea beshte yako anayepiga picha za harusi. Wote walilipa. Wengine walilipa polepole, lakini walilipa.

Miaka mitatu baadaye mama wa salon anakupigia. "Kijana, ile namba kwa tovuti ni ya zamani, na bei ya kusuka imepanda. Nibadilishie leo, tafadhali." Unamwambia, "Sawa mathe, nipe dakika tano tu." Unafungua lapi, unabonyeza programu, haifunguki. Unaingia mtandaoni kuangalia shida ni gani, kumbe kampuni iliyoitengeneza ilishaisare kitambo. Hakuna apdeti, hakuna wa kuuliza. Zile dakika tano zinakuwa wiki mbili, na mathe anaanza kukuona kama tapeli.

Hapo wengi hufanya kosa moja. Wanashtuka, wanatafuta "programu poa ya kutengeneza tovuti", wanachukua ya kwanza yenye templeti zinang'aa, na wanaanza upya. Baada ya miaka mingine mitatu, wako pale pale.

Kwa hivyo leo tusibonge tu kuhusu programu gani ni kali. Tubonge kuhusu vile unachagua, ndio usichomwe mara mbili.

Stori ya Adobe Muse

Kama unadhani hii kitu haiwezi kukupata, uliza waliokuwa wanatumia Adobe Muse.

Adobe, ile kampuni ya Marekani yenye Photoshop, walianza kuonyesha Muse 2011 na wakaanza kuiuza 2012. Madizaina waliipenda ju haikuwadai waandike kodi hata mstari mmoja. (Kodi ninayosema ni ile lugha ya kompyuta, si ile landlord anakungojea nayo tarehe tano.) Unavuta picha unaiweka pale unataka, unaandika maneno yako, kama mtu anachora bango la harambee. Ukimaliza, Muse yenyewe inakuandikia HTML na CSS, yaani zile lugha ambazo brauza husoma ndio ionyeshe ukurasa.

Halafu tarehe 26 Machi 2018, Adobe wakatangaza kwamba hawataongeza kitu kipya kwa Muse tena. Msaada ungeendelea hadi 26 Machi 2020, baada ya hapo kila mtu ajipange. Na hawakuleta programu nyingine ya kukalia kiti cha Muse. Watu walionyeshwa programu zingine za Adobe waangalie ikiwa zitawafaa. Mojawapo ilikuwa Adobe XD, na hata hiyo, kufikia 2023, Adobe waliacha kuiuza peke yake.

Umeona hiyo? Unahepa nyumba inayobomolewa, unahamia nyingine ambayo nayo iko na alama ya X nyekundu ukutani.

Na Muse si ya kwanza. Kuna FrontPage ya Microsoft, ile wazee wetu walifunzwa kwa college za computer packages. Toleo la mwisho lilikuwa la 2003, na Microsoft wakaiacha. Wakaleta Expression Web ichukue nafasi, na Desemba 2012 wakaacha kuiuza hiyo pia, wakaiweka bure lakini bila mpango wa kuiendeleza. Adobe GoLive ilikatwa 2008. Hizo zote zilikuwa za makampuni makubwa. Jina kubwa halikulindi. Kampuni ikiona bidhaa haileti doh ya kutosha, inazima, na haikuulizi wewe uko na klayanti wangapi.

Kwanza jua ni nini kimekufa

Kabla hujapanic, tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huchanganya.

Kuna programu unayotumia kutengeneza. Kuna kurasa zenyewe, yaani zile faili za HTML, picha na maandishi. Na kuna mahali kurasa zinakaa, yaani seva ya kampuni inayokuhostia.

Kwa Muse, kilichokufa ni programu peke yake. Kurasa zilizokuwa tayari kwa seva ziliendelea kufunguka, ju ni HTML ya kawaida na brauza haijali nani aliiandika. Shida ilikuwa kuzibadilisha. Ile faili asili ya Muse hufunguliwa na Muse tu. Na ile HTML ambayo Muse iliandika ilikuwa imejaa vitu vingi vya mashine. Mtu kuingia humo na mkono kubadilisha mpangilio ni kama kufungua waya za mat ya zamani ukitafuta ile ya taa. Inawezekana, lakini utatoa jasho.

Mambo huwa mabaya zaidi pale mahali pa kukaa panapokufa. Apple walikuwa na programu inaitwa iWeb, na watu wengi waliweka tovuti zao kwa huduma ya Apple yenyewe, MobileMe. Huduma hiyo ilifungwa 30 Juni 2012. Kama hukuwa umehamisha kurasa zako, zilizimika.

Na kama hiyo ni ya kitambo sana kwako, hii ni ya juzi. Google walikuwa wanapea biashara ndogo tovuti ya bure kupitia wasifu wa biashara, zile anwani zilizokuwa zinaishia na business.site. Maduka, gereji na salon nyingi duniani ziliweka hiyo anwani kwa kadi na kwa bango. Machi 2024 Google wakazizima zote. Kwa miezi michache, mtu akibonyeza alikuwa anapelekwa kwa ule wasifu wa Google. Kufikia tarehe 10 Juni hiyo nayo ikaisha. Yaani ulichapisha kadi na anwani ambayo si yako, na mwenyewe akaichukua.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: kwangu kimekufa nini? Kama ni programu tu, uko na muda. Tovuti bado inafunguka, wateja hawajui kitu, unaweza kupanga kuhama kwako taratibu. Kama ni mahali pa kukaa, hiyo ni dharura. Kimbia uokoe faili leo.

Okoa vitu kabla ya kutafuta keja mpya

Hii ni kazi ya siku moja na haina doh. Ifanye kabla hujagusa programu yoyote mpya.

1. Angalia domeni iko kwa jina la nani. Domeni ni ile anwani, kama jinalabiashara.co.ke. Domeni za .ke husimamiwa na KeNIC, na kwa tovuti yao unaweza kutafuta uone imesajiliwa kupitia kampuni gani na itaisha lini. Domeni ni kama namba yako ya simu. Simu ikiharibika unanunua nyingine, namba inabaki, na watu wanaendelea kukupata. Ukipoteza namba, hata simu ya laki moja haikusaidii.

2. Kama Muse au programu yako bado inafunguka kwa kompyuta fulani, itoe HTML yote sasa hivi. Muse ilikuwa na njia ya kutoa HTML hadi kwa folda yako. Fanya hivyo kwa kila tovuti, weka kopi mbili, moja kwa diski na moja mtandaoni.

3. Kama haifunguki, chukua kurasa kutoka kwa seva. Uko na paswadi za kampuni ya kuhosti? Ingia upakue folda nzima. Huna? Kuna programu ya bure inaitwa HTTrack ambayo hutembea kwa tovuti na kuinakili ukurasa kwa ukurasa. Na kama tovuti ilishazimika, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive. Mara nyingi utapata maandishi, hata kama picha zingine zimepotea.

4. Andika orodha ya anwani za kurasa zote. Ukurasa wa bei, wa picha, wa mawasiliano. Utaona baadaye kwa nini.

5. Tafuta picha za asili. Zile ziko kwa tovuti zilishapunguzwa. Muulize mwenye biashara kama bado ana zile za kwanza kwa simu.

6. Jua fomu zinaenda wapi. Ile sehemu mtu anaandika jina na ujumbe mara nyingi ilikuwa inategemea seva fulani au huduma ya kampuni hiyo hiyo. Hii ndio hufa kimya kimya. Tovuti inaonekana fiti, kumbe ujumbe wa wateja haufiki popote.

Sasa lile swali lenyewe

Ukienda kutafuta keja, caretaker hukuonyesha tiles, hukuonyesha maji ya moto, hukuonyesha jinsi unaingia. Hakuambii jinsi ya kutoka. Wewe ndio unafaa kuuliza: siku ya kuhama, deposit inarudi? Viti ni vyangu ama vya nyumba?

Programu za tovuti ni hivyo hivyo. Matangazo yote ni ya kuingia. "Anza bure. Templeti mia. Dakika kumi uko hewani." Wewe uliza swali moja: siku hii programu ikizimwa, ama bei ikipanda, ama klayanti akitaka kunihepa, nitatoka na nini?

Ukiuliza hivyo, machaguo yote yaliyo sokoni yanajipanga kwa mistari minne.

Keja yenye fanicha: Wix na Squarespace

Hapa kila kitu kiko ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Programu, kurasa na seva. Unajenga kwa brauza, unavuta na kuachilia, na kwa mtu aliyezoea Muse, hapa ndio utajisikia nyumbani haraka zaidi. Hakuna kusumbuka na usalama wala apdeti. Wao wenyewe wanashughulika.

Lakini siku ya kutoka? Tovuti ya Wix haiwezi kuchukuliwa nzima ikapelekwa kwa seva ya mtu mwingine. Domeni unaweza kuhamisha, maandishi na picha unaweza kunakili, lakini jengo lenyewe linabaki. Squarespace hukuruhusu kutoa baadhi ya vitu, kama kurasa na machapisho, kwa faili inayoweza kuingia WordPress, muundo hautoki.

Je, hiyo inamaanisha ni mbaya? Hapana. Kama tovuti ni ya kurasa nne na mwenye biashara anataka kubadilisha bei mwenyewe kwa simu bila kukupigia, hii inaweza kumfaa kabisa. Kurasa nne ukilazimika kuzijenga upya ni kazi ya wikendi. Ingia tu ukijua viti si vyako.

Na angalia bei. Nyingi za hizi hulipwa kwa dola, kila mwezi au kila mwaka. Mathe wa salon analipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Kitu ambacho bei yake inacheza hivyo, mweleze mapema, asije akadhani unamkula.

Keja tupu, fanicha ni yako: WordPress

Hapa lazima niwape historia kidogo, ju ndio inaeleza kila kitu.

Kulikuwa na programu ya kublogu inaitwa b2. Mwenye kuitengeneza akapunguza kasi, apdeti zikakatika, na watumiaji wakabaki wameachwa kwa mataa, vile vile kama watu wa Muse. Lakini kulikuwa na tofauti moja: kodi ya b2 ilikuwa wazi. Leseni yake iliruhusu mtu yeyote kuichukua na kuiendeleza. Vijana wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, wakaichukua. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la kitu walichokiita WordPress. Leo zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinatumia WordPress.

Soma hiyo tena. Programu iliyoachwa, ikaokolewa, ndio ikawa kubwa kuliko zote. Muse haingeweza kuokolewa hivyo, ju kodi yake ilikuwa ya Adobe peke yao.

Kwa WordPress, maandishi yako yanakaa kwa hifadhidata yako, picha kwa folda yako. Kampuni ya kuhosti ikikuzingua, unabeba kila kitu unahamia nyingine, hata ya hapa hapa Nairobi inayolipwa na M-Pesa. Lakini hakikisha hujachanganya: WordPress.org ndio programu yenyewe unayoweka kwa seva yako, WordPress.com ni huduma ya kampuni inayokuhostia kwa masharti yake.

Mabaya yake? Ni nyumba yako, kwa hivyo bomba likipasuka ni shida yako. Lazima uweke apdeti, lazima uwe na bekapu. Ukiacha plagini za zamani, wahuni wanaingia na asubuhi tovuti ya kanisa inauza dawa za kuongeza nguvu. Hiyo ndio kuchoma picha.

Na kuna mtego mwingine ambao madizaina wa kuvuta na kuachilia huanguka ndani. Ndani ya WordPress kuna vijenzi vya kurasa kama Divi na Elementor. Ni vitamu, vinafanana na Muse. Lakini ukijenga kila kitu na Divi halafu siku moja uizime, kurasa zako zinapoteza muundo wake. Yaani uko kwa keja yako tupu, lakini umekodisha fanicha. Kwa kurasa za kawaida, tumia kihariri cha WordPress chenyewe. Hakina madoido mengi, lakini hakikufungi.

Plot yako mwenyewe: HTML kwa mkono

Najua, ulikimbilia Muse ndio usiandike kodi. Lakini kwa tovuti ndogo, HTML na CSS si ngumu vile ulitishwa. Unahitaji kihariri cha bure kama Visual Studio Code na wiki chache za kufanya mazoezi kila jioni. Mfumo kama Bootstrap, ambao ulitoka Twitter mwaka 2011, unakupa vipande vilivyopangwa tayari kukaa vizuri kwa simu na kwa kompyuta.

Faida yake: hakuna mtu anaweza kuizima. Faili ni zako. Seva yoyote inazikubali. Kurasa zinafunguka haraka hata kwa simu ya bei ya chini na bando za soo moja. Na hakuna plagini ya kuvamiwa.

Kwa portfolio yako mwenyewe, GitHub Pages itakuhostia bure. Lakini soma masharti: hawaruhusu uitumie kuendesha duka la mtandaoni. Ya klayanti wa biashara, lipia hosti ya kawaida.

Ubaya: mathe wa salon hataweza kubadilisha bei mwenyewe. Kila mabadiliko ni wewe. Kwa wengine hiyo ni usumbufu, kwa wengine hiyo ni kibarua cha kila mwezi. Kubalianeni mapema.

Dreamweaver iko hapa pia. Ilizaliwa 1997 kwa Macromedia, na Adobe waliichukua waliponunua kampuni hiyo 2005. Inakuandikia na kukuonyesha kodi, na kilicho ndani ya folda ni HTML ya kawaida, kwa hivyo hata nayo ikizimwa kesho, faili zako zinafunguka na kihariri kingine. Swali ni kama unataka kulipa kila mwezi kwa kazi ambayo kihariri cha bure kinaweza.

Nusu kwa nusu: Webflow

Madizaina wengi waliotoka Muse walienda Webflow, na inaeleweka. Ni ya kuchora kwa macho, lakini inafuata kanuni halisi za HTML na CSS, kwa hivyo unajifunza ukiendelea. Ukiwa kwa mpango wa kulipia, unaweza kutoa kodi yako ukaipeleka kwingine.

Lakini soma maandishi madogo. Ukitoa kodi, zile sehemu zinazojazwa kutoka kwa mfumo wao wa maudhui hazitoki pamoja nazo, na fomu zitaacha kufanya kazi. Maudhui unaweza kuyatoa kando kama jedwali la CSV, kisha ni juu yako kuyaunganisha tena. Kwa kurasa zisizobadilika, mlango wa kutoka uko wazi. Kwa tovuti yenye habari mia tatu, mlango ni mdogo.

Basi nichukue gani?

Inategemea ni nani atashika hiyo tovuti ukishatoka.

Salon, gereji, hoteli ya mtaa, kurasa nne au tano: HTML kama wewe ndio utakuwa unabadilisha, Wix au Squarespace kama mwenyewe anataka kujishughulikia na dola haimtishi.

Kanisa, shule, chama, mahali panapotoa matangazo kila wiki na kuna watu kadhaa wa kuandika: WordPress. Lakini mmoja wao apewe kazi ya apdeti na bekapu, na awe anajulikana kwa jina.

Mpiga picha na msanii: Webflow au HTML, na picha za asili zikae kwake, si kwa tovuti pekee.

Duka linalouza na kupokea M-Pesa: WordPress na WooCommerce inawezekana, lakini kabla ya kuahidi, hakikisha plagini ya malipo inapata apdeti na umeijaribu na shilingi kumi zako mwenyewe. Doh ya watu si mahali pa kubahatisha.

Na kabla ya kulipia yoyote, fanya jaribio hili la jioni moja. Jenga ukurasa mmoja tu wa majaribio. Kisha jaribu kuutoa: bonyeza kila mahali pameandikwa kutoa au kupakua, weka faili kwa simu yako, zima data, ufungue. Umefunguka? Picha ziko? Basi uko na mlango. Haukufunguka? Sasa unajua, na hujapoteza hata ndururu.

Siku ya kuhama

Usizime ya zamani kabla mpya haijasimama. Jenga mpya kando, ijaribu kwa simu tatu tofauti, angalau moja iwe ya bei ya chini, ju wateja wengi watakuja na hiyo. Picha ya MB nne iliyotoka moja kwa moja kwa kamera, ipunguze kwanza.

Kumbuka ile orodha ya anwani? Sasa ndio kazi yake. Kama ukurasa wa bei ulikuwa na anwani fulani, mpya uwe na anwani ile ile. Ikishindikana, weka maelekezo ya kudumu, yale huitwa 301, yanayomtoa mtu kwa anwani ya zamani na kumpeleka kwa mpya. Ukiacha hii, kila linki iliyo kwa Google, kwa WhatsApp na kwa bango inaanguka kwa ukuta, na biashara inapotea kwa matokeo ya utafutaji.

Halafu barua pepe. Hii imeangusha wengi. Kama biashara inatumia barua pepe za domeni hiyo hiyo, kubadilisha seva bila kuangalia rekodi za MX kunaweza kukata barua zote. Tovuti mpya inang'aa, na wakati huo huo maombi ya kazi na oda za wateja zinarudi zilikotoka. Nakili rekodi zote za domeni kabla hujagusa kitu.

Mwambie klayanti ukweli

Mathe wa salon hajui Muse ni nini na hafai kujua. Anachojua ni kwamba alikulipa. Kwa hivyo mwambie wazi: programu niliyotumia imezimwa na wenyewe, tovuti yako haijapotea, nitaihamisha kwa njia hii, itagharimu hivi, na itachukua siku hizi. Watu husamehe habari mbaya iliyokuja mapema. Hawasamehi simu isiyoshikwa.

Na mkataba unaofuata, weka vitu vitatu: domeni isajiliwe kwa jina lake yeye, apewe paswadi zote kwa karatasi, na apewe kopi ya faili kila mwaka. Kuna madizaina ambao hufungia klayanti ndio asihepe. Inafanya kazi mara moja. Baadaye jina lako linazunguka mtaa mzima, na hakuna programu ya kurekebisha hiyo.

Hii ya mwisho ibebe. Tovuti ya kwanza kabisa duniani iliwekwa na Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, mwaka 1991. CERN waliirudisha kwa anwani yake ya kwanza 2013, na ukiifungua leo na simu yako, inasomeka. Hakuna templeti, hakuna madoido, ni maandishi na linki tu. FrontPage ilikuja ikaenda. Muse ilikuja ikaenda. Ule ukurasa bado uko, ju faili zake ni HTML ya kawaida na mwenyewe ndiye alikuwa anazishika.

Kaa rada.